Sentimita Nane za Nyamvula

Mchicha wangu huja na baiskeli. Nimekaa Junda miaka kumi na minne, na kila Jumanne na Ijumaa, kabla chai haijachemka, husikia kengele nje na sauti ya Nyamvula Munga ikiita, "Mboga mbichi, bado zina usingizi." Ni mama wa miaka sitini na tatu, mfupi, mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Shamba lake liko Mwakirunge, nyuma ya machimbo ya mawe. Wenzake wanaolima huko hupakia magunia yao kwenye tuktuk. Yeye hufunga gunia kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu, akashuka barabara ileile ya malori ya kokoto na malori ya taka, na madereva wote wanamjua.

Kuendesha alijifunza akiwa na miaka kumi, kwa kuiba. Baba yake, Mzee Munga, alikuwa mgema, na mgema akishashuka mnazini hulala mchana. Akilala, Nyamvula huiondoa baiskeli ukutani. Ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kiume, na yeye hakufikia hata kiti, kwa hiyo alipitisha mguu chini ya lile bomba la juu akaenda upandeupande kama kaa. Siku baba alipoamka mapema akamkuta anakata kona mbele ya kanisa, watu walijua leo kuna fimbo. Mzee akamtazama mpaka alipomaliza kona, akasema, "Kumbe unaweza. Basi kesho utapeleka mahindi kusagwa." Tangu siku hiyo kinu kikawa kazi yake, na adhabu yenyewe ilimfurahisha kuliko zawadi yoyote.

Alipoolewa na Thoya, baiskeli ilimfuata, maana mzee alikuwa amezeeka. Thoya hakujua kuendesha wala hakutaka kujua. Alikuwa akikaa nyuma kwenye keria, mke wake mbele anakanyaga, na watu wakicheka njiani yeye huwapungia mkono kama kiongozi aliyekuja kufungua daraja. Alisema wacheke tu, lakini wanacheka wakiwa wanatembea kwa miguu. Mungu amrehemu.

Goti la kulia lilianza mwaka juzi, kabla ya mvua za masika. Kwanza lilikuwa linalia tu, kama mtu anayetafuna biskuti. Nyamvula hakumwambia mtu. Baadaye likawa linauma akikanyaga, hasa pedali inapofika juu kabisa, goti linapokunjika karibu na kifua. Akawa anakanyaga zaidi na mguu wa kushoto na kuusukuma ule wa kulia kwa kiganja cha mkono. Hilo nililiona kwa macho yangu nikadhani anakung'uta vumbi.

Ijumaa moja nilisimama mlangoni na beseni langu. Alikuja vizuri, akapunguza mwendo, mguu wa kulia ukapanda, ukafika juu, ukakaa hukohuko. Baiskeli ikasimama wima, na yeye juu yake, wote wawili kama wanaowaza. Kisha wakaegemea kushoto polepole, wakalala juu ya lundo la makumbi ya nazi ya jirani yangu. Mnavu ukatawanyika njiani. Mbuzi wa jirani, ambaye kwa kawaida hana haraka na jambo lolote, alifika kabla yangu.

"Umeumia, mama?" nikamuuliza.

Alikuwa ameketi kwenye makumbi, leso imemfunika kichwa. "Sijaumia," akasema. "Goti limenigomea. Mfukuze kwanza huyo mbuzi."

Binti yake, Purity, ana saluni hapa Junda, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ndiye aliyempeleka hospitali. Goti likapigwa picha, daktari akasema gegedu limelika, yaani ule ulaini ulio katikati ya mifupa umechakaa, na akamwelekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Huko walimkuta Roseline, dada mmoja mrefu, mpole, asiyepandisha sauti. Purity alikuwa ameingia na neno lake tayari.

"Tafadhali mwambie aache baiskeli," akasema. "Mimi akinisikia hujifanya hasikii."

Roseline alimlaza Nyamvula kitandani, akalikunja goti kidogo kidogo mpaka Nyamvula alipovuta pumzi, kisha akaweka juu yake kipimapembe cha plastiki kama kile cha watoto wa shule, ila kirefu.

"Hapa ndipo linapofika bila kuuma, mama. Nyuzi tisini na tano. Hiyo baiskeli unayonieleza inalitaka lifike mia na kumi na kitu, kila mzunguko, kutoka Mwakirunge mpaka Junda."

"Sasa nizungumze na goti, au na baiskeli?"

"Goti tutalifundisha kwa mazoezi, lakini goti ni mwanafunzi mzito. Baiskeli ina nati. Anza na baiskeli."

"Mimi nimemleta akatazwe," Purity akasema.

"Nikimkataza atakaa," Roseline akamwambia, "na goti la kukaa huzidi kukaza. Kuendesha ni dawa nzuri kwake. Ila si kwa baiskeli ile, jinsi ilivyo. Tafuteni fundi mwenye subira."

Fundi mwenye subira yuko Mjambere, anaitwa Ghanim. Ukoo wao ni wa watu wa Mvita wa tangu zamani, wauza vitambaa, na baba yake, Mzee Safwan, alishona kanzu hadi macho yalipomkataa. Ghanim aliacha vitambaa akachukua spana, lakini futi ya fundi cherehani bado anaivaa shingoni. Anasema hawezi kufikiri bila kitu shingoni.

Nyamvula alimfikia asubuhi, akiikokota baiskeli kwa mkono.

"Shikamoo, mamangu," Ghanim akasema kwa Kimvita chake. "Ndoo keti hapa kwanza. Chombo chaumwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Chombo ni kizima. Mgonjwa ni mimi."

Alimweleza yote. Ghanim akaifunga baiskeli kwa kamba kwenye boriti la kibanda, ikaning'inia shibri moja kutoka chini, akampandisha juu yake na kumwambia akanyage. Kisha akavuta kigoda akakaa usawa wa goti, akalitazama linavyopanda na kushuka, kama mtu anayesikiliza mashitaka.

Akainua kiti vidole vitatu. Goti likashukuru, lakini Nyamvula akashusha mguu kutafuta ardhi asiipate, na kiuno kikawa kinacheza huku na huku mpaka wapita njia wakapunguza mwendo. Akarudisha kiti chini. Goti likalia. Akakisukuma kiti nyuma. Sasa Nyamvula akawa hafikii usukani, amenyoosha mikono kama anayeomba mtoto wa mwenziwe abebe. Ilipofika saa nne, Ghanim alikuwa amefungua na kufunga nati ileile mara tisa.

"Nikikuinua, huifikii nti," akasema. "Nikikushusha, goti lalia. Hini fremu ilishonewa mwanamume wa kimo changu, mama. Wewe umeivaa miaka yote hii kwa ubishi tu."

"Ubishi ndio ulionilea," Nyamvula akajibu kutoka hewani.

Mkewe Ghanim, Kuluthum, alikuwa ameleta kahawa. Yeye hupika pilau za harusi, na hakuwa na nia ya kuingilia kazi ya mumewe. Lakini alisimama na birika mkononi akaitazama ile miguu inavyozunguka, akauliza, "Kwani lazima lile duara liwe kubwa hivyo? Mimi nikikoroga kijisufuria cha uji sizungushi mkono kama nakoroga sufuria ya harusi."

Ghanim akamtazama. Akaitazama pedali. Akaweka kikombe chini bila kunywa, akaenda nyuma ya kibanda kwenye lundo la vyuma, na vikasikika vyuma vikianguka kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameshika mikono miwili ya pedali, yaani vile vyuma vinavyobeba pedali, ya baiskeli ya mtoto, ya rangi ya waridi, yenye vibandiko vya vipepeo. Akavua futi shingoni, akapima mkono wa baiskeli ya Nyamvula: sentimita kumi na saba. Akapima ule wa mtoto: kumi na tatu.

"Sikiza, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mguu wako ukifika juu, sasa utakuwa chini kwa sentimita nne. Na kwa kuwa pedali haiendi chini sana kama zamani, naweza kukuinua kiti nne nyingine. Nne na nne. Goti lapata nafasi ya sentimita nane. Wallahi nane."

Nyamvula hakufuata hesabu yote, lakini alisikia nane, na alimwona Kuluthum akitabasamu ndani ya birika.

Ilibaki shida ya kufikia chini. Kwa hilo Ghanim alimwonyesha baiskeli ya kike iliyotoka Japani na mitumba, rangi ya zambarau, isiyo na bomba la juu, yenye kikapu cha waya mbele. Ukiwa na kiti kirefu unaweza kuteleza mbele yake ukasimama kwa nyayo zote mbili. Ile nyeusi ya Mzee Munga ikaachwa kibandani, na keria yake nzito ikahamishiwa kwenye hii. Ghanim aliomba siku tatu. Alifunga ile mikono mifupi, akaweka duara dogo la meno mbele, kwa sababu mkono mfupi una nguvu chache na mtu inabidi azunguke mara nyingi lakini wepesi, akauinua usukani ili mgongo wa Nyamvula ukae wima. Vibandiko vya vipepeo alijaribu kuvibandua vikakataa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikuwa kwa Purity, kichwa kwenye beseni, nimejaa povu. Haya ya mwanzo nimesimuliwa na Ghanim mwenyewe.

Nyamvula hakuirukia kama zamani. Alipitisha mguu katikati kama anayeingia jikoni kwake, akakaa, akasukuma. Miguu ikaanza kuzunguka, duara dogo, haraka haraka, kama sindano ya cherehani. Alikuwa ameuma meno akingojea maumivu juu ya mzunguko. Juu ikafika, ikapita. Ikafika tena, ikapita. Mzunguko wa kumi akaanza kucheka, kwanza kwa pua, na kicheko kikamshuka kifuani, kikamshuka tumboni, na kila kilivyomtikisa ndivyo alivyozidi kukanyaga. Ghanim alikuwa akitembea ubavuni pake. Kisha akaharakisha hatua. Kisha akakusanya kikoi chake mkononi akakimbia.

"Breki, mama," akamwambia.

"Breki ya nini, mwanangu?" Nyamvula akauliza, na akapotea kwenye kona.

Sisi tulisikia kengele kwanza. Purity akasema, "Huyo si mama, kengele ya mama ni mbovu." Tukamwona anapita mlangoni, mgongo wima kama bwana harusi, mdomo wazi, leso inapepea, baiskeli ya zambarau na vipepeo vinazunguka chini ya miguu yake. Alipita. Kabla hatujasema lolote akapita tena akitoka upande wa pili. Mara ya tatu alifuatwa na Ghanim, spana mkono mmoja, kandambili mkono wa pili. Purity akatoka mbio na mikono yake ya povu. Mimi nikamfuata na kichwa changu cha povu. Wateja wawili wenye vibiringisho nywelani nao wakaja, na fundi viatu wa jirani, na yule mbuzi.

"Mama, shuka basi," Purity akasema, akikimbia kando yake. Alitaka kuwa mkali lakini kicheko kilikuwa kimeshamwingia.

"Nishukie wapi?" Nyamvula akasema. "Kila ninapofika ni pazuri."

Povu lilikuwa linaniingia machoni, nikawa nakimbia nikiwa nusu kipofu, nacheka, sijui nacheka nini. Nilimgonga fundi viatu, naye akaniomba radhi. Tulikuwa watu wazima sita na mbuzi mmoja tunakimbiza baiskeli kwenye mtaa wa Junda saa tano asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyejua angefanya nini akiifikia. Mwisho Nyamvula mwenyewe aliishiwa nguvu kwa kucheka. Akateleza mbele ya kiti, nyayo zote mbili zikagusa chini, akasimama hapo anahema, machozi yanamtoka. Purity akamfuta kwa kiganja, akamwachia povu shavuni.

"Haliumi?"

"Sijui," Nyamvula akasema. "Nimesahau kuliuliza."

Kazi haikuishia hapo, kwa maana mwili nao haukai. Mvua zilipokuja goti lilivimba, na Ghanim akalazimika kukipandisha kiti kidogo zaidi. Likipungua, kiti kinashuka. Alichoka kufuatwa, akamfundisha Nyamvula kukilegeza na kukikaza mwenyewe, na Purity akatoa rangi za kucha: nyekundu kwa siku za uvimbe, kijani kwa siku za heri, zikapakwa kwenye bomba la kiti kama alama za mto unaopanda na kushuka. Mboga za Ijumaa zikija, nikawa najua hali ya goti kabla ya kusalimiana, kwa kutazama bomba. Halafu vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Ghanim akapima mabega yake kwa futi, akakuta usukani wa Japani ni mwembamba mno kwake, akatafuta mpana zaidi na kuvifungia vishikio vitambaa vya mabaki ya kanzu. Ganzi ikaisha. Nyamvula akawa mtu pekee Kisauni mwenye baiskeli iliyovaa darizi.

Mazoezi ya Roseline hakuyaacha. Aliyafanya shambani, amefunga kimfuko cha mchanga mguuni, akihesabu kwa Kigiriama mbele ya mibiringanya. Desemba Roseline akaweka kipimapembe chake, akakiondoa, akakiweka tena.

"Mia na saba," akasema.

Nyamvula alipompelekea Ghanim habari hizo, alimkuta ameshaandaa mikono mingine, mirefu kidogo. Lakini Nyamvula akaishika baiskeli yake kwa mikono miwili. "Hii iache," akasema. "Imenizoea."

"Mama, wewe si yule wa mwaka jana. Mwili ukidhoofu twaufuata, na ukipata nguvu je, tuuache peke yake? Hini ni sentimita moja na nusu tu. Ikikuudhi nairudisha leo leo."

Haikumuudhi. Mguu ulipata kipande kikubwa zaidi cha kusukuma, na kilima cha Mwakirunge, ambacho mwaka mzima alikuwa akikishuka tu na kukipanda kwa kukokota, akakipanda amekaa. Mwarandu, mkulima mwenzake, alikuwa kwenye tuktuk iliyojaa magunia ya mbolea ya chumvichumvi, inapanda kwa kunung'unika. Akamwona Nyamvula anapita dirishani, polepole sana, kama meza inayosogezwa, anapita, anapita, mpaka akapita. Mwarandu aliendelea kusimulia habari hiyo kwa wiki mbili, na kila mara tuktuk ilikuwa na magunia mengi zaidi.

Januari, Jumapili baada ya ibada, Roseline alikuja Junda kumwona mgonjwa wake akiendesha. Tulikwenda uwanja wa shule, Nyamvula, Purity, mimi, na Ghanim aliyekuja na spana mfukoni kama daktari. Nyamvula alizunguka uwanja mara mbili. Kisha akasimama mbele ya Roseline, akamwelekezea usukani.

"Sasa wewe."

Roseline akatazama viatu vyake. "Mimi sijui kuendesha," akasema. "Sijawahi. Nyumbani tulikuwa wasichana watano, na baiskeli ilikuwa ya kaka."

Huyu ndiye aliyetuambia baiskeli ni dawa. Nyamvula ndiye wa kwanza kuanza kutikisika mabega, na akishaanza yeye hakuna anayebaki. Roseline mwenyewe alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

Miguu yake ilikuwa mirefu kama ya korongo. Ghanim akapandisha kiti kupita kijani, kupita nyekundu, mpaka bomba likabaki kidogo tu ndani, akapima kwa futi, akaridhika. Nyamvula akashika kiti kwa nyuma. Akamwambia atazame mbele, asiitazame miguu, miguu inajua njia. Wakaanza. Roseline aliyumba kulia, akayumba kushoto, akaomba toba mara moja, na baiskeli ikanyooka. Nyamvula akaachia mkono lakini hakumwacha, akaenda naye sambamba, leso kashika kwa mkono mmoja, anamwelekeza, wakalipita goli la kwanza, wakaukata uwanja.

Purity ndiye aliyeliona. Akanishika mkono. Kisha akaita, si kwa nguvu, "Mama, unakimbia."

Nyamvula akaitazama miguu yake, kwanza mmoja kisha wa pili, kama mtu aliyeonyeshwa wageni waliokuwa wamekaa sebuleni kwake muda mrefu bila yeye kujua. Hakusimama. Aliongeza. Na kutoka mwisho wa uwanja, Roseline, anayezidi kuwa mdogo, alikuwa anauliza kwa adabu kabisa ni nani kati yetu atakayemwonyesha breki iko wapi.